Kamba ya Mihayo

Watu wa siku hizi wakimtaja Mihayo wanasema aliuawa na ushamba wa ndugu zake. Nimelisikia hilo Masumbwe, nimelisikia Runzewe, na juzi nimelisikia nyumbani kwangu mwenyewe, kutoka kwa kijana anayekula ugali wangu. Nikamwambia ameze kwanza, halafu atoke. Mihayo nilimjua mimi. Kibanda chake na changu vilitenganishwa na ua wa nyasi tu. Mke wake akikohoa, mimi naamka. Kwa hiyo kaa hapo nikueleze, na usinikate maneno.

Mimi ni Mwasiti, Mama Shaaban. Baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara, mtu wa huku na huku, akafika Masumbwe miguu ikachoka, akaoa. Mume wangu Majaliwa, Mungu amrehemu, alikuwa nyapara wa Mzungu mmoja aliyetafuta dhahabu vilimani upande wa Geita. Jina lake la kwao lilitushinda, tukamwita Bwana Miwani. Ilikuwa miaka ile ya nzige. Mimi niliwapikia vibarua ugali na maharage, na dagaa wa ziwani wakipatikana.

Mihayo alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, karibu na mto Manonga. Mtu mfupi, mabega membamba, mpole, na kifua chote kimejaa makovu madogo madogo. Mimi nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni ndui, nikasogeza sahani. Akacheka sana. Akasema, "Mama Shaaban, usiogope. Hii ni miba ya nungunungu. Wengine walisomea misheni, mimi nilisomea shimoni."

Kumbe alikuwa mmoja wa wale Wasukuma wanaoitwa banunguli, wawindaji wa nungunungu. Wana chama chao, wana ngoma zao na dawa zao. Nungunungu usiku anatoka kula viazi na karanga za watu, mchana amelala chini huko kwenye handaki lake. Sasa wewe mkulima utafanya nini? Unamwita mnunguli. Anaingia kwa kichwa, anatambaa kwa tumbo, mkuki mfupi mbele, kamba imefungwa mguuni, anamfuata gizani mnyama mwenye miba mwili mzima. Mimi nikiingia ghalani tu bila taa nasoma kila sura ninayoijua.

Alianza kazi hiyo kwa mjomba wake, akaipenda. Alikuwa akiniambia kwamba watu wanaogopa kule chini kwa sababu hawajawahi kukaa wakasikiliza. Ardhi inasema, alisema. Shimo la nungunungu lina mwenyewe, na mwenyewe anajua wapi paa litasimama na wapi halitasimama, kwa hiyo ukipita alipopita yeye hutafukiwa. Mimi ninajua vyungu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Mwindaji akiwa shimoni, walioko nje hawasemi hata neno. Mnyama anasikia. Basi wanaongea kwa kamba. Na mshika kamba si mtu wa kuokota njiani, ni ndugu ambaye ukimkabidhi roho yako atakurudishia. Wa Mihayo alikuwa kaka yake, Bujiku. Aliye chini akivuta mara mbili, kwa lugha yao anasema: msinivute. Mnyama yuko kifuani pangu, mkinivuta sasa miba itanipasua, tulieni. Na mshika kamba anamjibu kwa kuvuta mara moja, polepole, kusema: tumesikia.

Yale makovu ya Mihayo yalitokana na siku ambayo Bujiku aliumwa, kamba ikashikwa na mtu mwingine. Mihayo akavuta mara mbili, yule mtu akataharuki, akamburura na nungunungu wake. Bujiku alipotoka kitandani na kumwona mdogo wake alivyochanika, aliapa mbele ya wazee kwamba kamba yake akiishika yeye hatamvuta kwa hofu, mpaka mwenyewe aombe. Haya yote mimi niliyajua baadaye, na nilivyoyajua sipendi kukumbuka. Wewe nakwambia sasa ili usije ukaniuliza katikati.

Utasema, mtu na kazi yake kwao, Geita alifuata nini? Alifuata kodi, kama wengine wote. Kwanza Serikali ilikuja na habari ya mbung'o. Wakaambiwa wakate pori, kijiji kwa kijiji, wanaume wote na shoka, na anayekosa anajibu kwa mtemi. Wakakata. Sisemi uongo, mbung'o walipungua na ng'ombe wakapona. Lakini pori lilipokwenda, nungunungu nao wakaenda. Banunguli wakabaki kucheza ngoma tu, na ngoma haijazi ghala. Halafu nzige wakaja wakala mtama mpaka bua. Na kodi, bwana, haikuliwa na nzige. Bujiku alikuwa na wake na watoto, akaambiwa abaki. Mdogo akaondoka na mkewe Limi, waliooana karibuni.

Bwana Miwani alikuwa ameona mwamba wenye dhahabu ubavuni mwa kilima, akataka uchimbwe kwa kuufuata. Shimo likaingia kwa mshazari, jembamba, mtu anatambaa. Vibarua wakaliogopa. Mmoja aliingia akatoka analia, na lilikuwa jitu kubwa la kubeba magogo. Ndipo Mihayo akajitokeza akasema, mimi nitaingia. Bwana Miwani alifurahi mpaka akampa kofia yake kuukuu.

Akafungwa kamba mguuni kama kwao. Mume wangu ndiye akawa mshika kamba. Bwana Miwani akatoa sheria: akivuta mara mbili, mvute atoke. Ndivyo ilivyokuwa huko alikochimba kabla ya kuja kwetu. Mihayo akajaribu kusema. Akasema kwetu mara mbili maana yake ni nyingine. Majaliwa akamkata, akamwambia, "Hapa si porini kwenu. Hapa hakuna nungunungu." Watu wakacheka. Mihayo naye akacheka, akajifunza. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, huo ndio uliokuwa wema wake na huo ndio uliomponza. Kitu kimoja tu aliomba: akivuta, ajibiwe kwa mvuto mmoja polepole, maana chini kule, alisema, mtu asipojibiwa anahisi wamemsahau. Majaliwa hakuona ubaya wake, akakubali. Basi jibu likawa lile lile la kwao, na wito ukawa wa Mzungu.

Siku nyingi zilikwenda hivyo. Asubuhi anaingia, anagonga mwamba, karai likijaa anavuta mara mbili, anajibiwa, anavutwa yeye na karai lake. Mkono ukazoea. Mazoea yana taabu, wazee hawakukosea.

Limi nyumbani alikuwa kituko. Mume akiwa shimoni hafagii, hatwangi, hagombani na mtu. Anakaa mlangoni mikono mapajani mpaka mume atoke. Wanawake wa kambini wakamcheka, na mimi nikiwamo. Nikamwambia, "Limi, wewe umeolewa au unaatamia mayai?" Akatabasamu tu. Akasema, "Mayu," yaani mama kwa lugha yao, "mimi nikitwanga huku, ardhi inamtetemekea yeye kule." Nikamwona mjinga. Lakini nikaona pia kwamba tangu nilipomcheka, mimi mwenyewe kinu nilikuwa nakisogeza nyuma ya nyumba.

Mvua zilipoanza, Mihayo akabadilika. Alikuwa akija kula, anakata tonge anasahau kulitia mdomoni. Siku moja nikamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Shimo linatoka jasho." Nikamwambia mvua inanyesha, lazima litoke jasho. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mama Shaaban, lile shimo halina mwenyewe. Aliyelichimba halali humo. Mimi ndiye nimelichimba, na mimi nimechimba nilipoambiwa, si paliponiita." Halafu akala lile tonge, akaomba mchuzi zaidi.

Miti ya kushikilia paa ilikuwa michache. Majaliwa aliomba zaidi, Bwana Miwani akasema itakuja. Panya waliokuwa wakiiba unga wetu na kulala pale mdomoni mwa shimo walihama. Mimi nilishukuru kwa ajili ya unga wangu. Limi alipowaona wanahama hakushukuru.

Alinijia jioni ile ile. Akapiga magoti, jambo ambalo silipendi, maana mimi si mtemi. Akasema, "Mayu, niombee mume wangu kwa mume wako. Atoke sasa. Kodi tutaitafuta kwingine. Huyu akiingia tena na tena, siku moja nitakaa pale mlangoni mpaka nife." Alikuwa na mimba, haijaonekana bado, aliniambia siku hiyo. Kicheko changu chote kikaniishia.

Nikamvaa Majaliwa usiku ule. Akasema kipande cha Mihayo, ile kadi ya siku zake za kazi, hakijajaa. Akiondoka kabla ya kipande kujaa ni mtoro, na mtoro anafungwa, na nyapara aliyemwachia anafungwa naye. Nikamwambia, "Basi wewe ingia badala yake." Akageukia ukutani. Nilikuwa namjua mume wangu: alikuwa anaogopa Mzungu, na alikuwa anaogopa lile shimo, na kati ya hofu mbili alichagua ile iliyokuwa na mshahara. Nilimpenda, lakini usiku ule nilimchukia, na sioni haya kusema.

Limi hakungoja. Akawapa ujumbe wachunga ng'ombe waliokuwa wanarudi upande wa Shinyanga: mwambieni Bujiku aje kumchukua mdogo wake. Na Bujiku akaja. Alikuja kwa miguu na mwenzake mmoja mnunguli, Maduhu, wote wamelowa, wamebeba unga na jogoo. Alikuwa mtu mkubwa, mzito wa kusema. Akamsalimia Majaliwa shikamoo vizuri kabisa, ingawa alimzidi umri, kwa kuwa alikuja kuomba. Akasema, nimekuja kumchukua ndugu yangu.

Majaliwa akampeleka kwa Bwana Miwani, na Bwana Miwani akasema zimebaki siku chache tu, kipande kikijaa aende zake na Mungu. Bujiku akakubali kungoja. Akamwambia Limi, na mimi nikiwa pale nachambua maharage, "Usihofu, shemeji. Mimi nipo. Hakuna atakayemwacha mdogo wangu shimoni mimi nikiwa nje." Limi usiku ule alilala. Nilijua kwa sababu sikumsikia kukohoa.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha sana, ikakatika. Nilipeleka uji shimoni. Mihayo alikuwa ameshaingia, Majaliwa ameshika kamba, Bujiku na Maduhu wamekaa pembeni wakitazama, karai la kwanza bado halijatoka. Mara akaja mtu wa Bwana Miwani mbio: nyapara anaitwa, wageni wamefika, mizigo ihamishwe kabla mto haujajaa. Majaliwa akatazama huku na huku. Wale vibarua waliokuwa karibu walikuwa wa majuzi tu, hawajui kamba. Akamwona Bujiku.

Akamwambia, "Wewe ni ndugu yake. Kamba umewahi kushika?"

Bujiku akasema, "Kamba ya huyu nimeshika tangu hajaota ndevu."

"Akivuta mara mbili unajua la kufanya?"

"Najua," akasema Bujiku. Alikuwa karibu kucheka, kama umemuuliza mvuvi kama anajua maji.

Majaliwa akampa kamba, akaondoka na moyo mweupe. Nami nilikuwa pale, nikaona hakuna mahali pazuri zaidi kamba ile ingekuwa kuliko mkononi mwa yule kaka. Nilimwachia Bujiku bakuli la uji. Akalipokea kwa mkono mmoja, wa pili haukutoka kwenye kamba. Nikaenda zangu kupika.

Mihayo chini kule hakujua. Kwake yeye, nje alikuwepo nyapara.

Mchana mvua ilirudi, si kubwa. Nilibeba chakula nikapanda. Nilipokaribia nikaona kimya. Vibarua wamefukuzwa mbali, wamekaa chini ya turubai. Pale mdomoni mwa shimo Bujiku amechuchumaa, mvua inampiga mgongoni, Maduhu nyuma yake. Nikataka kusema hodi, Maduhu akaniinulia kiganja: nyamaza, rudi. Mwanamke haruhusiwi kukaribia wakiwa kazini. Nikakasirika, ugali unapoa. Lakini niliona kamba. Ilikazika mara mbili. Bujiku akavuta mara moja, polepole, kama mama anayembembeleza mtoto. Baada ya kitambo, tena mara mbili. Tena akajibu. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Nikasema moyoni, hawa watu na mila zao, nikashuka na ugali wangu.

Majaliwa alirudi alasiri. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba chakula kwa mara ya pili. Akauliza, "Ametoka mara ngapi?"

Bujiku akamwashiria anyamaze. Majaliwa akapandisha sauti. "Nakuuliza, ametoa makarai mangapi?"

Bujiku akanong'ona, "Hajatoka. Yuko na kazi."

"Hajavuta?"

"Amevuta sana. Sasa ametulia."

Nilimwona mume wangu akibadilika rangi. Akauliza, "Alivuta mara ngapi kwa pamoja?" na Bujiku akainua vidole viwili. Majaliwa aliirukia kamba akaanza kuvuta peke yake, na Bujiku akamshika mikono, akimwambia kwa sauti ya chini, utamchana na mawe, utamchana, mwache mpaka aombe. Walipigana pale matopeni watu wazima wawili, mmoja anavuta na mmoja anazuia, mpaka Majaliwa akapiga kelele, "Kwetu mara mbili ni kuvutwa! Ameomba! Ameomba!"

Bujiku akaachia. Halafu akaishika tena kamba, wakavuta wote.

Alitoka kirahisi. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Paa lilikuwa limeshuka mbele yake likamfungia njia ya mwamba na kumfukia mikono, asiweze kujirudisha nyuma peke yake, tope na maji vikaingia kidogo kidogo, lakini nyuma yake njia ilikuwa wazi. Mguu wenye kamba ulikuwa huru. Angevutwa mapema angetoka na michubuko. Mdomo ulikuwa umejaa udongo. Nilimfuta mimi kwa kanga yangu.

Bwana Miwani alikuja akasimama. Akauliza kwa nini hawakumvuta, na Majaliwa akafasiri, na Bujiku akajibu, "Alituambia tusimvute." Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akasema neno moja kwa lugha yake. Majaliwa akalifasiri: ujinga. Nami nikamwambia mume wangu mbele ya Mzungu wake, kwa sauti, "Ujinga wa nani? Mihayo aliwaambia kwao mara mbili ni nyingine. Mlicheka. Na mimi nilikuwepo, nilikusikia ukicheka." Majaliwa akainamisha kichwa. Hilo hakulifasiri.

Tukamshusha kwenye machela ya miti. Limi alikuwa mlangoni, mikono mapajani. Alituona tangu mbali, akaona machela, hakuinuka. Nilitaka kumshika, akaniondoa mkono bila hasira. Walipomlaza mbele yake alimtazama mguuni, kamba ilikuwa bado imefungwa, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifungua. Kisha akamtazama Bujiku, ambaye alikuwa amesimama kwenye mvua, hajapangusa uso.

Akamuuliza kwa Kisukuma, nami kwa siku zile nilikuwa nimeshakielewa cha kutosha, "Alikuita?"

"Aliniita," akasema Bujiku.

"Ukamfanyaje?"

Nadhani Bujiku alikuwa bado anajitetea, bado alikuwa anaamini kuna kitu kimoja katika siku ile alichokifanya sawasawa, na alitaka mke wa mdogo wake akijue.

"Nilimjibu," akasema. "Kila alipoita, nilimjibu. Hata mara moja sikumwacha adhani tumemsahau."